Gari la Marehemu Baba: Je, ni Lile Lile?



Swali tunaloliweka mbele yenu safari hii laweza kuonekana la kitoto, au la watu waliokosa kazi. Gari likifumuliwa lote, likabadilishwa injini, giaboksi, milango na chasisi, kipande baada ya kipande, je, mwisho wake ni gari lile lile, au ni jingine lililovaa jina lake? Twasema si swali la kitoto. Limekwisha kufikishwa mahakamani, limehusu fedha nyingi mno, na laweza kugombanisha ndugu wa tumbo moja. Tena ndani yake limo jambo linalomgusa kila mtu anayetunza kitu alichopokea kwa mwingine.

Wako watu wengi, hapa kwetu na ng'ambo, ambao kazi yao ya kupumzikia ni kufufua magari ya zamani nyumbani. Si mafundi wa kulipwa. Mmoja ni mwalimu, mwingine karani, mwingine mstaafu. Jumamosi, akisha kunywa chai, huvaa ovaroli lililojaa oili, hutandika gunia chini ya mwembe, akalala chali chini ya gari mpaka jua lichwe. Mmoja hufufua Peugeot 404, mwingine Volkswagen, mwingine Morris Minor. Huko Nairobi mashindano ya kuonyesha magari yaliyotunzwa vizuri yalianza mwaka 1970, na watu huyapenda. Sisi twachagua mfano wa Land Rover, kwa kuwa wengi wetu twaijua. Iliwachukua madaktari, wapimaji wa ardhi, mabwana shamba na mapadre hadi mahali pasipokuwa na barabara.

Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam, mwezi wa Aprili 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka mitatu nyuma, na katika Uingereza chuma kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo. Basi wenye kiwanda wakaitengeneza bodi yake kwa aluminiamu, ambayo haishiki kutu kama chuma. Lakini chasisi wakaifanya kwa vipande vya bati nene la chuma, wakavichomelea pande nne hata vikawa kama sanduku refu lenye uwazi ndani.

Hapo ndipo penye siri ya gari hili. Juu laweza kung'aa miaka hamsini. Chini, maji na tope huingia ndani ya lile sanduku, hukaa humo, na kutu hula kutoka ndani kuja nje. Mwenye gari haoni neno, mpaka siku agongapo kwa nyundo na nyundo ikazama. Na penye hewa ya chumvi, kama Tanga, Mombasa au Unguja, hata aluminiamu yenyewe haisalimiki. Kila mahali inapogusana na bolti ya chuma hufanya unga mweupe, ikaliwa kidogo kidogo.

Jambo la pili ni kwamba karibu gari lote limefungwa kwa bolti. Mlango, madigadi, boneti, paa, injini, ekseli: mtu mwenye spana, jeki na subira aweza kukifungua kila kimoja na kufunga kingine mahali pake. Gari la mwisho la ukoo ule lilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, mwezi wa Januari 2016. Lakini spea zake zingali zikitengenezwa, hata chasisi nzima mpya iliyochovywa katika zinki ili isishike kutu. Kwa sababu hiyo Land Rover yaweza kubadilishwa yote pasipo mtu kuona siku ilipogeuka.

Sasa tuseme mzee mmoja alifariki akaacha Land Rover ya mwaka 1964. Mwanawe mkubwa aliichukua kwa ridhaa ya jamaa, akaanza kuifufua uani. Mwaka wa kwanza akabadilisha injini, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa ikila oili. Mwaka wa tatu akatia giaboksi nyingine. Zikafuata ekseli, kisha milango. Mwaka wa saba aliona chasisi imekwisha kuliwa, akanunua mpya, akavihamishia juu yake vyote vilivyosalia. Vile vya zamani alivitupa nyuma ya banda. Naye mdogo wake, mpenda magari vilevile, akaviokota kimoja kimoja. Akakata sehemu mbovu za chasisi ya zamani na kuchomelea nyingine, akaipeleka injini ikachongwe silinda, akaunda gari la pili. Kisha siku moja aja mgeni kutoka mjini, mpenda magari ya kale, asema atalipa bei nzuri kwa gari la marehemu, iwapo ni lenyewe.

"Gari la Baba ni hili," asema mkubwa. "Halikutoka mikononi mwetu hata siku moja. Mama alipougua tulimpeleka hospitali kwa hili. Wewe mwenyewe ulijifunza kuendesha kwa hili."

"Nakuheshimu, Kaka," asema mdogo, "lakini chuma alichokishika Baba kwa mkono wake kiko kwangu. Namba iliyopigwa kwenye chasisi iko kwangu. La kwako umelinunua dukani, kipande kwa kipande."

Wasomaji, nani ana haki?

Swali hili ni la kale kuliko magari. Plutarch, mwandishi Myunani aliyezaliwa katika karne ya kwanza, asimulia kwamba watu wa Athene waliitunza merikebu ya shujaa wao Theseus, yenye makasia thelathini. Kila ubao ulipooza waliuondoa wakatia mwingine ulio imara. Basi wenye falsafa wakagawanyika, hawa wakisema ni merikebu ile ile, hawa wakikana. Katika karne ya 17 Mwingereza Thomas Hobbes akalifunga fundo kwa nguvu zaidi. Tuseme, aliuliza, mtu ameziweka zile mbao kuukuu na kuziunga tena kwa taratibu ile ile ya kwanza. Je, tutakuwa na merikebu mbili, na zote mbili ziwe ile ile moja? Akasema jambo hilo haliwezekani. Ndugu wale wawili, bila kujua, wamerudia maneno ya Hobbes uani kwao.

Na hapa yuko Bentley mmoja ambaye habari zake hazikubaki katika vitabu vya falsafa. Gari hilo, aina ya Speed Six, liliitwa Old Number One. Lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, mwaka 1929, likashinda tena mwaka 1930. Baadaye lilibadilishwa mara nyingi, likatiwa injini kubwa zaidi, na mwaka 1932 dereva wake Clive Dunfee akafa nalo katika uwanja wa Brooklands, Uingereza. Likaundwa upya kwa umbo jingine. Mwenye gari alipoafikiana na mnunuzi kwa bei ya pauni milioni 10, mnunuzi akakataa kulichukua, akisema hilo si gari lililoshinda Le Mans, maana vipande vya wakati ule vilivyosalia ni vichache mno. Shauri likafika Mahakama Kuu ya London, na mwaka 1990 Jaji Otton akaamua kwamba ni lenyewe. Sababu yake ndiyo ya kuangaliwa. Gari lile halikupata kuvunjwa likaisha na kisha jingine kuzuliwa kwa jina lake. Liliendelea, badiliko baada ya badiliko, pasipo kukatika, na habari zake zikijulikana.

Idara ya magari ya Uingereza nayo kwa miaka mingi ilitumia hesabu ya pointi. Gari lililobadilishwa sana lilihitaji pointi 8 ili liruhusiwe kushika namba yake ya zamani. Chasisi ilikuwa na pointi 5, springi 2, ekseli 2, giaboksi 2, usukani 2, na injini 1 tu. Wengi wetu huiita injini moyo wa gari. Kumbe kwa hesabu ile moyo ulipewa thamani ndogo kuliko usukani! Tena chasisi ilihesabiwa ikiwa ni ile ya asili, au ikiwa ni mpya ya namna ile ile. Basi hata wenye sheria hawakusema kwamba uzee wa chuma ndio gari.

Twafikiri wamesema kweli. Tujiangalie sisi wenyewe. Mtoto aliyebatizwa miaka sitini iliyopita, na babu aketiye leo katika kiti cha mbele kanisani, ni mtu mmoja. Meno yale hayapo, nywele zile hazipo, nguvu zile hazipo. Wala hatumwambii, "Wewe si yule, lete cheti kingine." Ni yule yule, kwa kuwa maisha yake hayakukatika tangu siku ile hata leo.

Lakini hapa ndipo gari na mtu wanapoachana njia. Mtu hujikumbuka mwenyewe. Ukimwuliza habari za utotoni atakujibu. Gari halina kumbukumbu. Halijui lilitoka wapi, wala halijui kwamba injini yake ya leo ilikuwa ya gari jingine jana. Lakumbukwa na wale wanaolitunza, na bila wao ni chuma tu. Kwa hiyo likiwa ni lile lile, ni kwa sababu wako watu waliopokezana utunzaji wake, na waliosemezana kweli juu yake. Mtu akisema uongo juu ya gari la zamani, hakosi tu katika maneno. Amekata uzi wenyewe unaolifanya liwe gari lile. Chuma kitabaki, lakini lile gari la mzee litakuwa limekwisha, ingawa laendelea kutembea.

Basi swali letu, lililoanza kama fumbo la wenye falsafa, sasa limekuwa swali la uaminifu. Wala uaminifu huu haujaribiwi mbele za watu. Wajaribiwa uani, chini ya mwembe, mahali ambapo hakuna mkaguzi wala bwana mkubwa.

Tutazame mifano. Chasisi imeliwa na kutu karibu na springi ya nyuma. Njia ya haki ni kukata sehemu yote mbovu mpaka ufikie chuma kizima, kuchomelea bati jipya la unene ule ule, na kuipaka dawa ya kutu ndani na nje. Hiyo ni kazi ya Jumamosi nyingi. Njia nyingine ni kuziba tundu kwa puti, kupiga msasa, kupaka rangi nyeusi na kwenda kulala. Ni kazi ya saa mbili. Gari zote mbili zikisimama kando kando huwezi kuzitambua. Lakini moja, ikibeba watu kumi na magunia kwenye barabara ya mawe, yaweza kukatika mgongo. Aliyepaka rangi ile alijua. Aliyepanda hakujua.

Au tuchukue breki. Land Rover nyingi za miaka ile zilikuwa na mfumo mmoja tu wa mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, au mpira mmoja ukitoboka, kanyagio huzama hata chini na gari halisimami. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani pole pole, na unyevu ule huleta kutu ndani ya mabomba na silinda; ndiyo maana mafundi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Mpira nao huoza hata gari likikaa bure. Mambo haya hayaonekani, wala hakuna atakayekusifu kwa ajili yake. Watu watasifu rangi. Lakini mtunzaji wa kweli hujulikana kwa vitu ambavyo havisifiwi.

Yako pia makosa ya kalamu. Namba ya chasisi na ya injini huandikwa katika kadi ya gari. Ukibadilisha vitu hivyo pasipo kuandikisha, kadi yasema jambo ambalo si kweli tena. Wengine huvuka hata hapo. Huchukua kadi na bamba la namba la gari lililokufa, wakavibandika kwenye gari jingine kabisa, wakaliuza kwa jina la yule marehemu. Hilo si kufufua. Ni kumzika mtu na kumpa mgeni nguo zake, jina lake na urithi wake.

Mtu atauliza, "Kama ni hivyo, si afadhali tusibadilishe kitu? Tuliache gari kama lilivyo, na makovu yake." Neno hili lina uzito. Mojawapo ya Land Rover zilizoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948 ilipotea machoni pa watu, ikatumika shambani huko Wales kama mashine ya kutoa nguvu, kisha ikakaa katika bustani ya nyumba moja, si mbali na kiwanda kilikotoka. Mwaka 2018 kiwanda chenyewe kilitangaza kuifufua, na nia yao ilikuwa kuhifadhi vipande vyake vya asili na rangi yake iliyochakaa kadiri ilivyowezekana. Walijua kwamba kila mkwaruzo ni ushuhuda, na msasa ukipita ushuhuda umefutika. Nasi twakubali. Kisichokuwa kibovu kisibadilishwe kwa ajili ya kung'aa tu. Bonde alilolifanya mzee kwenye mlango kwa kugonga mti mwaka ule wa mafuriko lina haki ya kubaki. Lakini breki iliyooza haina haki ya kubaki, hata kama mzee mwenyewe ndiye aliyeifunga. Ushuhuda usiwe mtego kwa walio hai.

Wako pia wanaouliza kama kazi hii yote si anasa. Huenda ikawa. Fedha ya gasketi ikitoka katika ada ya mtoto, au Jumamosi zote zikiliwa na chuma hata mke na watoto wakakuona miguu tu chini ya gari, basi kitu kilichokufa kinatunzwa na walio hai wanaachwa. Hapo hatuna la kutetea. Lakini tumeona pia upande mwingine. Mtoto anayeshika tochi huku baba akifungua kabureta hujifunza kwamba kitu kikiharibika hakitupwi mara moja. Kwamba bolti iliyoganda haifunguliwi kwa hasira, bali kwa mafuta na kungoja. Kwamba vitu vilivyofunguliwa hupangwa kwa taratibu, la sivyo havitarudi. Mafunzo hayo hayauzwi dukani. Basi kipimo kiwe hiki: je, kazi ile yawaleta jamaa karibu na gari, au yamtenga mtu nao?

Turudi sasa kwa ndugu wetu wawili, maana mgeni angali amesimama uani na fedha yake. Sisi twaona kwamba jina ni la gari la mkubwa. Ndilo ambalo halikukatika. Lilitembea, likapumzika, likatengenezwa, likatembea tena, mbele ya macho ya jamaa wote. Lakini mkubwa hana ruhusa ya kumwambia mgeni, "Ni lile lile," akanyamaza hapo. Imempasa aseme, "Ni lile lile, na haya ndiyo yaliyobadilishwa: injini mwaka fulani, giaboksi mwaka fulani, chasisi mwaka fulani, na risiti hizi hapa." Akificha, amelipoteza lile jina alilokuwa akilidai. Na mdogo? Anacho kitu cha thamani, chuma halisi alichokishika baba yake, naye aweza kujivunia. Ila asikiite gari la Baba. Akiite kwa jina lake la haki: gari alilolijenga yeye mwenyewe kwa vyuma vya gari la Baba. Hilo nalo ni heshima, tena ni heshima ambayo hakuna awezaye kumnyang'anya, kwa kuwa ni kweli. Na kama ni watu wa busara, ile namba iliyopigwa kwenye chasisi ya zamani isitumike kupata kadi ya pili. Gari moja lisizae vyeti viwili.

Ikiwa mgeni atalipa kidogo kwa sababu ya ukweli, na alipe kidogo. Ikiwa ataondoka, na aondoke. Jamaa watabaki na magari mawili na undugu mmoja, na undugu hauna spea.

Kwa kuwa tumesema kwamba gari halina kumbukumbu, twamalizia kwa shauri moja la mkono, nalo ni la gharama ndogo kuliko yote tuliyoyataja. Kila mwenye kulitunza gari la zamani nyumbani na anunue daftari. Aandike tarehe, kazi iliyofanyika, kipande kilichotolewa, kilichotiwa, kilikotoka, na nani aliyekifunga. Aandike na yale ambayo bado hayajatengenezwa, na yale aliyoyaziba kwa muda tu. Daftari likae ndani ya gari, na siku gari litakapobadilisha mikono, liwe kwa kurithiwa au kwa kuuzwa, lipite pamoja na ufunguo. Atakayelipokea baada yetu hatatujua sura. Atatujua kwa mwandiko wetu, na kwa siku atakapolala chini ya gari, akagonga chasisi kwa nyundo, akasikia mlio wa chuma kizima.